Saa Ndani ya Ngoma: Giorgio Moroder na Asili ya Muziki wa Disko wa Kielektroniki

Fundi wa saa na mpiga ngoma hufanya kazi ya aina moja: wote wawili hugawa muda katika vipande vilivyo sawa. Tofauti yao ni kwamba fundi wa saa huikabidhi mashine kazi hiyo, ilhali mpiga ngoma huifanya kwa mkono na mguu wake mwenyewe. Tangu kale muziki wa kuchezwa ulitegemea njia hii ya pili. Mpigaji alipochoka, mwendo ulilegea. Alipopandwa na mori, mwendo ulikaza. Na wachezaji walimfuata kokote alikokwenda.

Mnamo mwaka 1977, katika studio moja ya mjini Munich, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Ujerumani Magharibi, ulirekodiwa wimbo ambao karibu sauti zake zote za ala zilitolewa na mashine moja, na sauti hizo ziliongozwa na saa moja ya umeme. Wimbo huo ni "I Feel Love", ulioimbwa na Mmarekani Donna Summer na kutayarishwa na Mwitalia Giorgio Moroder pamoja na Mwingereza Pete Bellotte. Wengi huutaja kuwa ni chimbuko la muziki wa disko wa kielektroniki. Makala haya yanachunguza sababu za kusema hivyo. Hoja yake ni kwamba walichorithi watu wa baadaye si mlio wa mashine tu, bali hasa ni kanuni: sauti nyingi huweza kuungana barabara endapo zote zitatii saa moja.

Mtu na mahali

Giorgio Moroder alizaliwa tarehe 26 Aprili 1940 katika mji mdogo wa Ortisei, kwenye milima ya kaskazini ya Italia. Akiwa kijana alipiga gita katika bendi, kisha akahamia Ujerumani na hatimaye akafanya makao yake Munich. Huko alianzisha Musicland Studios, iliyokuwa chini ya jengo kubwa la hoteli. Studio hiyo ilikuja kutumiwa na makundi mengi mashuhuri. Mmoja wa waliorekodi humo ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946, akiwa na kundi lake la Queen. Mwaka 1984 Mercury alishirikiana na Moroder katika wimbo "Love Kills", uliotumika katika toleo jipya la filamu ya kale ya Kijerumani iitwayo Metropolis.

Moroder alikuwa mtunzi na mtayarishaji. Mtayarishaji wa muziki ni mtu anayesimamia kazi yote ya kurekodi: huchagua wapigaji, hupanga sauti zitakazotumika, na huamua namna zitakavyochanganywa. Kazi hiyo hufanana na ya mkuu wa maabara, ambaye hawezi kufanya kila jaribio kwa mkono wake, lakini huamua ni jaribio gani lifanywe na ni lini matokeo yakubaliwe.

Donna Summer alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1948, na alifika Munich mwaka 1968 kuigiza katika mchezo wa nyimbo uitwao Hair. Mwaka 1975 yeye, Moroder na Bellotte walitoa wimbo "Love to Love You Baby", ambao toleo lake refu lilikaribia dakika 17 na kujaza upande mzima wa santuri. Urefu huo ulikuwa na maana kwa kumbi za disko, kwa kuwa wachezaji walitaka mwendo usiokatika. Hata hivyo wimbo huo bado ulipigwa na wanamuziki wenye ala za kawaida.

Miaka miwili baadaye watu hao watatu walitoa santuri iitwayo I Remember Yesterday. Wazo lake lilikuwa kupitia mitindo ya muziki ya nyakati mbalimbali, na wimbo wa mwisho ulikusudiwa kuwakilisha wakati ujao. Moroder aliona kwamba sauti ya wakati ujao haiwezi kutoka katika fidla na tarumbeta. Ilimpasa kuitafuta katika mashine.

Volti inavyotawala sauti

Mashine yenyewe ilikuwa sinthesaiza ya Moog. Mwaka 1964 mhandisi wa Marekani Robert Moog, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alianza kuunda vifaa vya kuzalisha sauti kwa umeme. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa santuri ya kazi za Bach zilizopigwa kwa mashine ya Moog, na santuri hiyo ndiyo iliyomvutia Moroder. Wakati huo mashine hizo zilikuwa ghali na adimu. Iliyotumika Munich ilikuwa mali ya mtunzi Eberhard Schoener, na aliyejua kuiendesha vizuri alikuwa msaidizi wake, Robby Wedel.

Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba sauti ni mitetemo, na kwamba kimo cha sauti hutegemea masafa, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Katika sinthesaiza mitetemo hiyo huzalishwa na sakiti iitwayo osileta. Jambo muhimu katika kazi ya Moog ni kwamba osileta hutawaliwa kwa volti. Volti ikipanda, masafa hupanda. Ikishuka, nayo hushuka.

Uhusiano huo una kanuni rahisi: kila volti 1 inayoongezwa huzidisha masafa mara mbili, na katika muziki kuzidisha masafa mara mbili ni kupanda oktavu moja. Tuseme volti 0 inatoa mitetemo 55 kwa sekunde. Basi volti 1 itatoa 110, volti 2 itatoa 220, na volti 3 itatoa 440. Kwa kuwa oktavu ina hatua 12 za nusu-toni, kila hatua ni volti 1 gawa kwa 12, yaani karibu volti 0.083.

Kanuni hii inaleta wazo kubwa. Ikiwa noti ni volti tu, basi si lazima noti ichaguliwe na kidole kilichobonyeza kinanda. Kifaa chochote kinachoweza kutoa volti tofauti kwa zamu kinaweza kupiga muziki. Kifaa cha namna hiyo huitwa sikwensa. Sikwensa ya Moog aina ya 960 ilikuwa na safu 3, kila safu ikiwa na vituo 8, na kila kituo kikiwa na kitufe cha kuzungusha ili kuweka volti inayotakiwa. Kila mara sikwensa inapopata mshtuko mfupi wa umeme, huhama kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata. Ikifika mwisho, hurudi mwanzo. Hivyo noti chache za besi huweza kujirudia bila kukoma, na mtu akazihamisha zote juu au chini kwa kuongeza au kupunguza volti moja ya pamoja.

Kwa kifaa hicho hicho ziliundwa pia sauti zisizo na kimo maalumu. Mlio mkali unaofanana na sahani ndogo za shaba za mpiga dramu ulitokana na kelele nyeupe, yaani mchanganyiko wa masafa yote kwa nguvu sawa, kama mvumo wa redio isiyoshika kituo. Kelele hiyo ikipitishwa katika kichujio ili kubakiza masafa ya juu, kisha ikifunguliwa na kufungwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, sikio husikia "tsi" ya shaba ijapokuwa hakuna shaba yoyote.

Adui aliyeitwa joto

Ni rahisi kudhani kwamba baada ya kupata mashine hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Sivyo ilivyokuwa. Osileta za wakati ule hazikuweza kushikilia kimo chake kwa muda mrefu, na sababu yake inapatikana katika somo la transista.

Ili volti 1 izidishe masafa mara mbili, sakiti huhitaji sehemu ambayo mkondo wake huongezeka kwa kuzidishwa, na siyo kwa kujumlishwa, kila volti inapoongezeka kwa kiasi kile kile. Transista ina tabia hiyo. Lakini ukubwa wa ongezeko hilo hutegemea joto la transista likipimwa kwa kipimo cha kelvini. Chumba chenye nyuzi 27 za sentigredi kina kelvini 300. Transista ikipata joto zaidi kwa nyuzi 3 tu, badiliko hilo ni sehemu 3 katika 300, yaani asilimia 1.

Asilimia 1 huonekana kuwa kitu kidogo. Lakini hebu ipimwe kwa sikio. Ikiwa hakuna kifaa cha kusahihisha, volti 3 zitafanya kazi kama volti 2.97, na noti iliyotakiwa kuwa na mitetemo 440 itakuwa na mitetemo 431 hivi. Hiyo ni zaidi ya thuluthi moja ya nusu-toni, kosa ambalo hata msikilizaji asiyesoma muziki atalihisi. Waundaji wa mashine walitumia mbinu za kupunguza athari hiyo, lakini hawakuweza kuiondoa kabisa. Taa za studio, joto la mashine yenyewe na hewa ya chumba vilitosha kuiharibu.

Kwa sababu hiyo sauti za "I Feel Love" hazikurekodiwa kwa mfululizo mmoja. Moroder ameeleza kwamba walirekodi vipande vifupi, nusu dakika hivi au pungufu, kisha wakasimama, wakaisawazisha tena mashine, na kuendelea. Wimbo ambao husikika kama mashine isiyochoka ulijengwa na watu waliokuwa wakiihudumia mashine iliyochoka kila baada ya sekunde chache.

Mkondo wa 16

Hapa ndipo tatizo la pili lilipojitokeza, nalo ndilo kiini cha makala haya. Mashine ya Moog iliweza kutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ili kupata besi, shaba, na sauti za juu kwa pamoja, ilibidi kila moja irekodiwe peke yake kwenye utepe wa sumaku, moja baada ya nyingine. Utepe uliotumika ulikuwa na mikondo 16, yaani njia 16 zilizolala sambamba, na kila mkondo uliweza kubeba sauti yake.

Je, sauti ya pili itajuaje ni lini hasa sauti ya kwanza ilipiga? Tuseme sauti ya kwanza ina mapigo 120 kwa dakika, na ya pili, iliyorekodiwa baadaye, ina mapigo 121. Tofauti ni pigo 1 tu katika dakika nzima. Lakini baada ya sekunde 30 sauti hizo zitakuwa zimeachana kwa nusu pigo, na wimbo utasikika kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Mpigaji mzuri husikiliza na kujirekebisha. Mashine haisikilizi.

Suluhisho lilitoka kwa Robby Wedel. Kabla ya kurekodi sauti yoyote, alirekodi mishtuko ya umeme ya saa kwenye mkondo wa 16. Mishtuko hiyo haikukusudiwa kusikiwa na mtu. Kila utepe ulipochezwa, ilirudishwa ndani ya mashine ya Moog na kuisukuma sikwensa hatua kwa hatua. Kwa hiyo sauti ya pili, ya tatu na ya nne zilipata amri kutoka katika saa ile ile iliyoongoza ya kwanza. Kwa Moroder na Bellotte hilo lilikuwa jambo jipya kabisa, na Bellotte amesema wazi kwamba Wedel anastahili sifa kubwa kuliko aliyopewa.

Ni vyema kuutazama ubora wa njia hii kwa makini. Mota ya mashine ya utepe haizunguki kwa kasi iliyo sawa daima. Huweza kwenda mbio kidogo au kuchelewa kidogo. Kama sikwensa ingeongozwa na saa ya nje, hata iwe sahihi kiasi gani, sauti mpya ingeachana na zile zilizokwisha kurekodiwa. Lakini kwa kuwa saa yenyewe imo ndani ya utepe, utepe ukichelewa saa nayo huchelewa, na sauti zote huchelewa pamoja. Kinachohitajika si usahihi wa saa mbele ya jua na nyota, bali ni kwamba sauti zote ziwe na saa moja. Hilo ni fundisho la kisayansi linalopita mipaka ya muziki.

Mwangwi uliozidisha mapigo

Besi ya wimbo huo ina mwendo wa kukimbia unaojulikana mara moja. Mwendo huo haukutokana na sikwensa peke yake. Sauti ya besi ilipelekwa spika ya kushoto, na nakala yake iliyocheleweshwa kidogo ikapelekwa spika ya kulia. Nakala hiyo iliangukia katikati ya nafasi kati ya noti moja na inayofuata. Hivyo noti zilionekana kuzidi mara mbili.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.5. Ikiwa kila pigo lina noti mbili, nafasi kati ya noti na noti ni sekunde 0.25. Mwangwi uliocheleweshwa kwa sekunde 0.125 utaangukia katikati barabara. Katika studio za wakati huo njia iliyozoeleka ya kupata uchelewesho ilikuwa utepe: sauti huandikwa na kichwa kimoja cha sumaku na kusomwa na kingine kilicho mbele yake. Utepe ukienda sentimita 38 kwa sekunde, vichwa vikiwa umbali wa sentimita 4.75 vitatoa uchelewesho wa sekunde 0.125. Mwendo uliowapagawisha wachezaji wa disko ni umbali uliogawanywa kwa kasi.

Kilichobaki kwa binadamu

Mambo mawili hayakutoka kwenye mashine. La kwanza ni ngoma kubwa ya mguu. Watayarishaji walijaribu kuiunda kwa Moog wakashindwa kupata kishindo kinachotosha, ndipo mpiga dramu Keith Forsey alipoketi na kuipiga kwa mguu wake, pigo baada ya pigo, akiifuata saa. La pili ni sauti ya Donna Summer. Aliimba kwa sauti nyepesi ya juu, yenye pumzi ndefu, inayoelea juu ya mapigo makavu. Bila sauti hiyo wimbo ungebaki kuwa jaribio la maabara.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu kulizuka hofu kwamba mashine zitawanyang'anya wanamuziki kazi. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha pendekezo la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zizuiwe. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa kazi nyingi za wapigaji wa kukodiwa katika studio zilipungua kweli. Lakini historia ya "I Feel Love" inaonyesha pia upande wa pili: mashine iliunda kazi mpya, nayo ilihitaji watu wenye ujuzi wa umeme, wa hesabu na wa sikio kwa pamoja.

Urithi: Chicago, Manchester na Detroit

Wimbo ulitoka mwaka 1977, na mwezi Julai ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. David Bowie, aliyekuwa akirekodi Berlin, alisimulia kwamba mwenzake Brian Eno alimjia na santuri hiyo akimwambia kuwa amesikia sauti ya wakati ujao. Huko San Francisco, Patrick Cowley alitengeneza toleo lake la zaidi ya dakika 15, lililosambaa kwanza miongoni mwa wapiga santuri wa kumbi.

Hapo kabla, mwaka 1974, kundi la Kraftwerk la Ujerumani lilikuwa limekwisha kutoa kazi mashuhuri za kielektroniki. Kwa hiyo haifai kudai kwamba Moroder alikuwa wa kwanza kutumia mashine katika muziki wa watu wengi. Alichofanya ni kuifunga mashine hiyo kwenye mapigo ya disko na kwenye sauti ya mwimbaji mwenye hisia, hata ikawa muziki wa kuchezwa usiku kucha.

Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa michezo mjini Chicago, santuri za disko zililipuliwa hadharani mbele ya umati uliouchukia muziki huo, na baada ya hapo redio nyingi za Marekani ziliupunguza. Lakini katika mji huo huo kulikuwa na ukumbi ulioitwa Warehouse, ambamo Frankie Knuckles aliwapigia santuri vijana, wengi wao weusi na Walatini mashoga. Wao hawakuacha kucheza. Nyimbo za disko zilipoadimika, wapiga santuri walianza kuzirefusha kwa kukata na kuunga utepe, kisha wakaziongezea mashine za ngoma. Muziki uliozaliwa humo uliitwa haus, jina linalosemwa kuwa lilitokana na jina la ukumbi huo. Mashine zilizotumika, kama Roland TR-808 ya mwaka 1980 na TR-909 ya mwaka 1983, zilipatikana kwa bei nafuu mikononi mwa watu wa pili. Vijana wasioweza kulipia studio kubwa waliweza sasa kufanya katika chumba cha kulala kile kilichohitaji mashine kubwa ya Moog mjini Munich.

Manchester, Uingereza, kundi la New Order lilitoa "Blue Monday" mwaka 1983. Bernard Sumner alikuwa amejiundia sikwensa kutoka katika vipande vilivyouzwa kwa mafundi wa nyumbani, lakini sikwensa hiyo na mashine ya ngoma hazikuweza kufuatana. Tatizo lilikuwa lile lile la Munich, nalo lilitatuliwa kwa namna ile ile: Martin Usher alibuni sakiti ya kupitisha mishtuko ya saa kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Detroit nako, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walijenga muziki uliojulikana kama tekno. Walichota katika visima vingi, vikiwamo Kraftwerk na muziki wa weusi wa Marekani. Lakini sikwensa inayojirudia, pigo la mguu lisilobadilika, na sauti zote kutii saa moja ni mambo ambayo "I Feel Love" ilikuwa imekwisha kuyazoesha masikio ya wachezaji.

Saa ya wote

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kiwanda kilikuwa na aina yake ya mishtuko ya saa, na vifaa vya viwanda tofauti havikuelewana kwa urahisi. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani waliongoza juhudi za kuleta lugha moja. Lugha hiyo, iitwayo MIDI, ilionyeshwa hadharani mwezi Januari 1983 kwa kuunganisha vinanda vya viwanda viwili. Ndani yake imo saa inayotoa mishtuko 24 kwa kila noti ya robo. Mkondo wa 16 wa utepe wa Munich ulikuwa sasa umekuwa sheria ya kimataifa.

Programu za kompyuta zinazotumika leo kurekodi muziki zina saa ya namna hiyo ndani yake. Singeli ya Dar es Salaam ina asili yake yenyewe katika mchiriku na taarabu, haikuzaliwa Munich. Hata hivyo kijana anayeitengeneza kwa kompyuta, akipanga mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, huandika mwendo mara moja na sauti zote zikaufuata. Anatumia kanuni hiyo hiyo.

Moroder mwenyewe aliendelea kupata heshima. Alitunukiwa tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu Midnight Express ya mwaka 1978, na baadaye kwa nyimbo za filamu za miaka ya 1983 na 1986. Donna Summer alifariki tarehe 17 Mei 2012, mwezi ule ule ambao Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza "I Feel Love" katika hifadhi ya taifa ya sauti. Mwaka 2013 kundi la Ufaransa la Daft Punk lilimpa Moroder nafasi ya kusimulia maisha yake ndani ya wimbo wenye jina lake. Katika simulizi hiyo hakusahau kutaja ile saa ya mashine.

Jaribio la darasani

Mahitaji: uzi, jiwe dogo, rula na saa ya mkononi.

Kwanza, wanafunzi wawili wahesabu pamoja mapigo manne, kisha watenganishwe mahali wasiposikiana, na kila mmoja apige makofi kwa mwendo ule ule kwa dakika moja. Mwenzao ahesabu makofi ya kila mmoja. Hesabu hizo mbili zilinganishwe.

Pili, jiwe lifungwe kwenye uzi ili urefu kutoka sehemu ya kuning'inizia hadi katikati ya jiwe uwe sentimita 25. Likibembea kidogo, litapita chini kabisa karibu mara 120 kwa dakika. Mwanafunzi wa tatu agonge meza kila linapopita, na wale wawili wafuate mgongo huo.

Tatu, uzi upunguzwe hadi sentimita 20. Sasa mapito yatakuwa karibu 134 kwa dakika. Wanafunzi wataona kwamba mwendo umebadilika, lakini wapigaji bado wako pamoja. Hivyo ndivyo utepe wenye kasi isiyo thabiti ulivyoweza kubeba wimbo ulio thabiti.

Maswali

1. Osileta inatoa mitetemo 110 kwa volti 1. Itatoa mitetemo mingapi kwa volti 4?
2. Wimbo una mapigo 100 kwa dakika, na kila pigo lina noti mbili. Mwangwi ucheleweshwe kwa sekunde ngapi ili uangukie katikati ya noti na noti?
3. Eleza kwa nini saa iliyorekodiwa ndani ya utepe ilifaa kuliko saa sahihi iliyo nje yake.
4. Taja mfano mmoja kutoka katika usafiri, simu au hospitali ambapo vifaa vingi hulazimika kutii saa moja. Nini kitatokea vikiachana?
5. Jina la mtayarishaji na la mwimbaji huandikwa kwenye santuri kwa herufi kubwa, na la fundi mara nyingi husahauliwa. Jadili: sifa ya uvumbuzi huu ingegawanywaje?